Wakili na Msitu wa Bwana Wake
(Luka 16:1-2)



Mikocheni yetu iliitwa kwa mikoche iliyomea hapo. Leo jina limebaki, na mikoche ni haba. Mbao za milango yetu, na viti vya ibada, na mkaa wa mekoni, vyote hutoka mbali. Naye mtu asiyeuona msitu, ni rahisi kwake kusahau ya kuwa msitu una Mwenyewe.

Katika Injili Bwana wetu atwambia habari za tajiri aliyemwita wakili wake, akamdai hesabu. Angalieni, wakili yule hakushtakiwa kwa kuitumia mali, maana hiyo ndiyo kazi ya wakili. Alishtakiwa kwa kuitapanya. Vivyo hivyo na miti. Mungu hakukataza shoka, lakini alipompa Adamu bustani, alimpa kazi na ulinzi pamoja (Mwa. 2:15).

Mfano upo katika nchi yetu. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya kusini ikawa nyepesi, na magogo mengi yakachukuliwa pasipo kibali wala ushuru, nao wanavijiji wakapata kidogo sana. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kuvipa vijiji uwezo wa kutenga misitu yao, kuisimamia na kupokea mapato yake. Basi mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilaya ya Kilwa, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi na kuendeleza mpingo, viliingia katika cheti cha Baraza la Uwakili wa Misitu, lililoanzishwa mwaka 1993. Jina lenyewe lafanana na la Injili: uwakili.

Cheti hicho hakitolewi kwa maneno matupu. Kwanza miti huhesabiwa, ipate kujulikana ni mingapi iwezayo kukatwa na msitu usipungue. Maana mpingo hukawia sana kukua, na mche wa leo atauvuna mjukuu. Kila gogo hutiwa alama, liweze kufuatwa toka kisiki hata kwa mnunuzi. Mkaguzi mgeni huja, hutembea msituni, hufungua vitabu, huwauliza wanakijiji. Na kwa kuwa gharama ni kubwa, vijiji hushiriki cheti kimoja. Kimoja kikikosa, vyote vyatiwa mashakani. Hapa twaona maana ya kuchukuliana mizigo (Gal. 6:2).

Labda mtu atauliza: Mkristo ana haja gani ya cheti, naye Mungu aona yote? Twajibu: Mungu hana haja nacho. Hatuhesabiwi haki kwa cheti, wala kwa tendo lo lote, ila kwa imani katika Kristo. Bali jirani ana haja nacho: mnunuzi asiyeweza kuuona moyo wetu, na mtoto asiyezaliwa bado. Naye aliyesamehewa deni haogopi kufungua kitabu chake.

Wengine watasema: Sisi wa mjini hatuna shoka. Lakini Luther, alipoeleza amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, alifundisha ya kuwa wizi si kuvunja sanduku tu, bali hufanyika sokoni na dukani pia, kila mtu apatapo faida kwa hasara ya mwenzake. Basi anunuaye mbao za bei rahisi, asiulize zilikotoka kwa kuogopa jibu, huyo ameshika ncha ya pili ya msumeno.

Kwa hiyo twawasihi, wazee wa usharika, mnaponunua mbao za kanisa, ulizeni kibali kwanza, ndipo bei. Nanyi mlio na mashamba ya miti huko Njombe na Mufindi, andikeni mnachokata na mnachopanda, hata asipokuja mkaguzi. Nanyi walimu wa kipaimara, mfundishapo amri ya saba, waulizeni watoto habari za benchi walilokalia: mti wake ulikuwa wa nani?

Mwenye msitu atadai hesabu. Na atukute vitabu vyetu vikiwa wazi, kwa neema yake Yesu Kristo. Amin.