Aliyepiga Picha Alisimama Wapi?

Chukua picha yoyote ya Mlima Kilimanjaro isiyo na maelezo, kisha utafute Mawenzi, kile kilele chenye miamba iliyochongoka. Kikiwa kulia kwa Kibo, kilele kikuu cha mlima, mpigapicha alikuwa upande wa kusini, Moshi au kwenye tambarare zilizo chini yake. Kikiwa kushoto, alikuwa kaskazini, yamkini Amboseli, ndani ya Kenya. Mlima ni uleule na theluji ni ileile. Tulitaka habari za mlima, tukapata habari za mtu ambaye hata haonekani pichani.

Tunapouliza "hapa ni wapi?", basi, tunatafuta nini hasa? Jibu jepesi ni jina. Lakini nikikuambia kuwa picha ni ya Kilimanjaro, nimekutajia mlima tu, sijakufikisha mahali. Kwa neno mahali nakusudia ile namna moja ambayo vitu hujipanga mbele ya macho ya aliyesimama pale, si kwingineko: kilima hiki kikifunikwa na kile, kivuli kikilalia upande huu, njia ikipinda kabla ya kuufikia mti. Sogea mwendo wa nusu siku na mpangilio wote umebadilika. Mtoto wa Rombo huamka Mawenzi ikiwa mbele yake; wa Moshi huiona pembeni, kuliani mwa Kibo. Wote wawili husema "mlima wetu", na wote wawili husema kweli.

Kama ndivyo, kutambua mahali pa picha ni kukubali, kwa kitambo, kusimama aliposimama mwingine. Je, kuna faida gani katika hilo? Mtu anaweza kusema kuwa mandhari nzuri inajitosheleza, na kwamba jicho halihitaji anwani ili lifurahi. Simpingi, maadamu tunazungumzia picha ya kalenda iliyotundikwa ukutani. Ila zipo picha ambazo kuridhika nazo hivyo ni dhuluma.

Mwezi Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili njiani, mmoja amembeba mtoto mchanga mgongoni, mwingine amemshika mkono binti mdogo. Mwishoni wote wanne waliuawa kwa risasi. Ilidaiwa kuwa wanajeshi hao ni wa Kameruni; serikali ya nchi hiyo ilikana, ikasema ni habari ya uongo. Wapo waliodai kuwa tukio ni la Mali. Kwa majuma kadhaa wale wanne walikuwa watu wasio na mahali. Na asiye na mahali hana pa kudaia haki yake, kwa sababu hakuna kijiji cha kuulizwa, hakuna kambi ya kuchunguzwa, hakuna mahakama inayoweza kusema kuwa jambo hili linaihusu. Kila mwenye simu aliyaona mateso yao, na hakuna aliyelazimika kuyajibu.

Kilichobadilisha mambo ni mandhari. Nyuma ya wanajeshi, katika sekunde za mwanzo, ulionekana mgongo wa milima. Mtu mmoja wa Kameruni alidokeza kuwa patafutwe karibu na Zelevet, katika mkoa wa Kaskazini ya Mbali, na waandishi wa BBC Africa Eye pamoja na wachunguzi wenzao wakakuta umbo la milima ya huko likilingana na lile la kwenye video. Vivuli, nyumba na njia ya miguu vikawapa hata wakati: kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwezi Septemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Naita ushahidi kuona kule kunakoweza kurudishwa kulikotoka kukapimwe. Mamilioni tunaona, lakini tunachokiona huwa ushahidi pale tu mtu mwingine anapoweza kwenda, kwa miguu au kwa picha za setilaiti, akasema: naam, ni hapa. Wauaji wale hawakuyajali macho ya milima, na huenda hawakuiona kabisa.

Hapo ndipo linapokuja swali zito zaidi: ni nani anayeijua milima? Wachunguzi walihitaji ramani, picha za angani na subira kubwa, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini yupo mchunga mbuzi wa eneo lile ambaye angetupia jicho mara moja akaitambua, kama tunavyoutambua uso wa mjomba. Ujuzi wa aina hiyo hautolewi cheti. Huingia mwilini kwa kuishi, kwa kuchota maji na kungojea mvua mahali pamoja miaka mingi, na tumeuzoea hata tunauona si ujuzi. Bila dokezo la mwenyeji, setilaiti ingeanza kutafutia wapi?

Hata hivyo sithubutu kusema kuwa kila mahali pajulikane. Picha ya faru iliyopigwa na mtalii mwenye furaha inaweza kumwongoza jangili hadi kwenye kichaka. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili anaweza kufichuliwa na kilima kinachoonekana dirishani mwake. Kujua alipo mtu ni kuwa na uwezo juu yake, na uwezo huo haumuulizi mwenye nao nia yake.

Msomaji, picha isiyo na mahali ikikufikia, uliza kwanza ni nani atakayefikiwa na jibu lako. Akiwa ni aliyedhulumiwa na anangoja kusikilizwa, tafuta bila kuchoka, na waulize wenyeji. Akiwa ni aliyejificha ili aishi, iache picha kama ilivyo.