Fidia Bila Kukiri: Je, Dhima Huondoka?

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Wanasayansi walikisia nguvu ya megatani 6 hivi, ikatoka 15. Mashua ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa, lakini majivu meupe yaliwaangukia mabaharia wake 23 kwa saa kadhaa. Walirudi bandari ya Yaizu tarehe 14 wakiwa wameungua ngozi. Fundi redio wao, Kuboyama Aikichi, alifariki tarehe 23 Septemba.

Serikali mbili zikavutana. Lewis Strauss, mkuu wa tume ya nishati ya atomiki ya Marekani, alisema mashua lazima ilikuwa ndani ya eneo la hatari. Kuhusu kifo, upande wake ulitaja damu aliyoongezewa Kuboyama hospitalini, kana kwamba angeongezewa damu bila ya majivu yale. Januari 1955 Marekani ikatoa dola milioni 2 bila kukubali wajibu wa kisheria, na Japani ikakiri kuwa madai yamekwisha. Zikatolewa kama hisani, si kama deni.

Je, dhima imeondoka?

Wapo watakaosema la muhimu ni fedha kufika. Kweli, mgonjwa hawezi kungoja mabalozi wamalize maneno. Mafakihi wengi walijuzisha sulhu ya mwenye kukana ili ugomvi ukatike, ingawa Imamu Shafi hakuikubali. Lakini anayejua kuwa anadaiwa, kisha akakana, sulhu hiyo haimsafishi mbele ya Allah.

Tena tuitazame aya ya 92 ya Suratun Nisaa. Anayeua kwa makosa analazimika kutoa diya, hata kwa mtu wa kaumu yenye mkataba nasi, na diya hiyo hukabidhiwa jamaa wa marehemu. Kutokusudia hakufuti wajibu, na kusamehe ni kwa wenye haki.

Hapo ndipo makubaliano ya 1955 yanapopwaya. Mamia ya mashua nyingine zilikutwa na samaki wenye mionzi. Mwaka 2014 ndipo serikali ya Japani ilipotoa hadharani kumbukumbu za upimaji wake. Baharia asiyejua kilichomwingia mwilini atasamehe nini? Na nani alimwakilisha kusamehe?

Ndugu zangu, kesho tutaitwa kusuluhisha. Tajiri ataleta bahasha kwa kibarua aliyeumia kazini, na karatasi ya kutia saini kwamba hadai tena. Bahasha apokee, maana ana watoto. Lakini sisi tumwambie tajiri waziwazi: haki ya mja hutoka kwa kuirudisha ikijulikana kuwa ni haki, au kwa mwenyewe kusamehe akijua anachosamehe. Saini peke yake haitoshi.

Wallahu aalam.