Bingwa wa Dunia na Wasiokuwapo

Mteremko wa Uluguru haumwachii mtu kitu cha mviringo. Kabichi ikiponyoka tengani juu ya Nyandira, huko Mgeta, mwenyewe haifukuzii, huiaga. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi ili udongo usifuatane na maji, na maji yenyewe hayashikiki: yanateremka mto kwa mto hadi Ruvu, na Ruvu hunyweka Dar es Salaam, aghalabu na watu wasiojiuliza yametoka mlima gani.

Kuutaja mchezo wa bolingi mahali kama hapo ni karibu na mzaha. Mchezo huo, ambao mtu huviringisha tufe zito ili aziangushe pini kumi zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, unadai kitu kimoja ambacho milima haina, nacho ni ardhi iliyolala sawasawa. Kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele ni futi 60, na sakafu ya mahali pa mashindano hupimwa kwa vyombo isije ikainama hata kidogo. Mpinzani hamgusi mwenziwe wala hamzuii. Kila mmoja hutupa, kisha hukaa akatazama. Zaidi ya hayo, mchezo huu una jambo ambalo michezo mingi haina: ukamilifu unaoandikika kwa tarakimu. Mwenye kuziangusha pini zote kwa mtupo mmoja, mara 12 mfululizo, hupata alama 300, na juu ya 300 hakuna kitu. Anayetafuta mfano wa shindano la haki, ambalo ndani yake hakuna ila mtu na mkono wake, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Walakini sakafu hiyo ina siri yake. Hupakwa mafuta ambayo macho ya mtazamaji hayayaoni, na mahali yalipowekwa mengi tufe huteleza, yalipo machache hushika na kupinda. Kila mtupo huyasogeza, hata ikawa njia aliyoianza mchezaji asubuhi siyo anayoimaliza jioni. Waandaaji ndio waamuao yapakwe vipi. Kwa hiyo, hata penye usawa wa kupimwa kwa vyombo, kuna mkono wa mtu uliotangulia kuitengeneza njia.

Hilo la mafuta ni dogo, kwani wote waliomo ukumbini huyakuta. Lililo zito ni la wale wasiomo. Bingwa wa mashindano fulani anasema jambo juu ya waliokuja: nimewashinda hawa. Bingwa wa dunia anasema jambo juu ya wasiokuja. Anadai, au hudaiwa kwa niaba yake, kwamba na wale wengine wote, wa Nyandira na wa kwingineko, wangalishindwa lau wangalikuwapo. Dai hilo ni la ajabu, maana halina shahidi. Nani amempa mtu haki ya kumshinda asiyeitwa?

Tena si wote wasiokuwapo walikosa kwa sababu ya milima. Shirikisho kubwa la bolingi la Marekani, lililoundwa mjini New York mwaka 1895, lilikuwa na kanuni, hadi mwaka 1950, kwamba wanachama wake wawe wanaume weupe. Wanawake walikuwa na chama chao, na Wamarekani weusi walijiundia chao mjini Detroit mwaka 1939. Mtu anaweza leo kuyapitia majina ya mabingwa wa miaka ile na kuyaheshimu. Pini zao zilianguka kwelikweli, na alama zao hazikughushiwa. Kilichokuwa na kasoro ni kule kuitwa mabingwa wa nchi nzima, ilhali nusu ya nchi na zaidi ilikuwa imefungiwa nje. Mshindi mwenyewe huenda hakuifunga mlango kwa mkono wake. Lakini alilichukua kombe akijua umefungwa, na hapo ndipo heshima na ukweli vinapoachana njia.

Kinyume chake kilitokea Ulaya. Shirikisho la kimataifa, FIQ, liliundwa mwaka 1952, na mwaka 1954 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa pini kumi yakafanyika Helsinki. Marekani, nchi ambayo ndiyo iliyoupa mchezo huo sura yake, haikujiunga hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi dunia ya Helsinki ilikuwa dunia bila ya wenyewe. Ukicheka, kumbuka kwamba kila dunia ya namna hii ina pengo lake, ila mapengo mengine yamezoeleka hata hayaonekani tena.

Morogoro ilipata bingwa wake wa dunia, si wa pini bali wa ngumi. Usiku wa tarehe 30 Agosti 2013, katika ukumbi wa Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam, Francis Cheka, bondia wa mji huo ulio chini ya milima, alimshinda kwa pointi Phil Williams wa Marekani na kuutwaa mkanda wa WBF wa uzani wa kati wa juu. Mji ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wajuzi wa ngumi hawakukawia kuhesabu vidole: kuna WBA, kuna WBC, kuna IBF, kuna WBO, na WBF iko nje ya hao wanne wakubwa. Katika uzani mmoja, siku moja, dunia inaweza kuwa na mabingwa wanne au watano, kila mmoja na dunia yake kiunoni.

Wapo wasemao kwamba mkanda kama huo ni bure. Neno hilo ni jepesi mno. Raundi 12 ni raundi 12, na mtu aliyesimama mbele ya Cheka hakuwa kivuli. Wapo nao wasemao kwamba dunia ni dunia, na mkanda ni mkanda. Hilo nalo ni jepesi. Pande zote mbili zinautazama mkanda kama mali iliyokwisha kupatikana, na zinabishania thamani yake kama wanunuzi wa mnadani.

Washairi wa pwani walilijua shindano la namna nyingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na washairi wa Lamu, hapakuwa na kengele wala mwamuzi wa pointi. Shairi lilitumwa ng'ambo likimtafuta mwenye jibu. Jibu likaja, au likachelewa. Mwenye kutamba hakusema kwamba wasiokuwapo wameshindwa. Aliwaita. Majigambo yake yalikuwa mlango uliowekwa wazi makusudi, na kila aliyekuwa na mizani na vina alikuwa na ruhusa ya kuingia na kumwaibisha. Kwa kipimo hicho cheo cha bingwa si jibu bali ni mwito, na mwenye nacho ana deni kwa wale asiokutana nao bado.

Katika bolingi yuko mmoja aliyelilipa deni hilo kwa miaka. Rafael Nepomuceno wa Ufilipino alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 19, akalitwaa tena 1980, kisha 1992, kisha 1996. Aliowakuta mara ya mwisho walikuwa kizazi kingine, baadhi yao hawajashika tufe alipoanza. Wasiokuwapo mwaka 1976 aliwangoja wakaja.

Na Cheka? Desemba ya mwaka uleule wa 2013, miezi minne tu baada ya shangwe za Diamond Jubilee, alikwenda Urusi kupigana na Fedor Chudinov, akaangushwa raundi ya tatu. Sababu za safari kama ile huwa nyingi, pesa ikiwamo, maana ngumi ni kazi na bondia ana watu wa kulisha. Lakini mwenye mkanda wa dunia angaliweza kubaki nyumbani, akachagua wageni wa kumjia mmoja mmoja. Yeye alikwenda kwa mmoja wa wale wasiokuwapo, katika baridi ya kwao, mbele ya watu wao. Usiku ule haukuimbwa Morogoro. Mwaka 2015 Chudinov alimshinda Felix Sturm huko Ujerumani na kuutwaa mkanda wa WBA, katika uzani uleule.