Chungu Hakina Kabila: Mary Leakey na Swali la Asili

Swali la kama asili ya watu yaweza kuwapa au kuwanyima haki ya kuishi mahali fulani ni swali la falsafa, lakini Gisenyi, nchini Rwanda, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, limewahi kuwa swali la kufa na kupona. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, katika mkoa ulioitwa Gisenyi wakati ule, mwanasiasa Léon Mugesera aliuhutubia mkutano wa chama tawala akidai kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia na kwamba watapelekwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Haikupita hata miaka miwili kabla mto huo haujabeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994.

Dai hilo lilitokana na nadharia ya Wahamiti, yaani fikra iliyoenezwa na wageni kama John Hanning Speke katika kitabu chake cha 1863, kwamba kila ustaarabu barani Afrika uliletwa na watu kutoka kaskazini. Wabelgiji walioitawala Rwanda waliijenga serikali yao juu ya fikra hiyo, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la mtu kwenye kitambulisho chake.

Hapa ndipo urithi wa Mary Leakey (1913–1996), mwanaakiolojia mzaliwa wa London ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu alipoanza kazi, unapogusa Rwanda. Mwaka 1948 ulitolewa uchambuzi wa vyungu vya magharibi mwa Kenya vyenye kibonyo kitakoni, ulioandikwa kwa majina yake, ya kasisi W. E. Owen na ya mumewe Louis. Vyungu hivyo baadaye viliitwa vya Urewe. Jean Hiernaux na Emma Maquet walivikuta vya namna hiyohiyo Rwanda na Kivu, navyo ni kazi ya watu waliolima na kuyeyusha chuma karne nyingi kabla ya ufalme wa Rwanda. Chungu cha namna hiyo hakisemi mfinyanzi wake alijiitaje. Mary alichora, akapima, akaeleza, na alisita kutaja jina pale ushahidi ulipokoma. Mwaka 1978, mwaka uleule nyayo za watembeao kwa miguu miwili zilipopatikana Laetoli, Tanzania, katika majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, aliliondoa jina lake kwenye makala iliyoviingiza visukuku vya Laetoli katika spishi mpya ambayo hakuikubali.

Hata hivyo, ni hatari kuitegemea akiolojia kuwatetea wanaoshutumiwa kuwa wageni, kwa kuwa anayefanya hivyo amekwisha kukubali kwamba, kama chungu kingeonyesha kinyume, haki yao ingeanguka. Biblia na Kurani zinamtaja binadamu kuwa ameumbwa kwa udongo, wala hazisemi kwamba aliyeumbwa kwa udongo wa kilima fulani ana heshima zaidi ya mwingine. Ushahidi wa vyungu unaufichua uongo wa nadharia ya Wahamiti, na kazi hiyo ni kubwa; haki ya kuishi haikuwahi kungoja ushahidi huo. Walimu wa historia wa Rubavu, wilaya ulipo mji wa Gisenyi leo, na wawafundishe wanafunzi wao mambo yote mawili, bila kuliacha la pili.