Sinema Ndefu na Kumbukumbu Ziamkazo

Wako watu wasemao kwamba sinema ikizidi muda wa saa 2 ni kupoteza wakati. Neno hili si la kupuuzwa, maana wakati ni mali aliyopewa kila mtu, tajiri na maskini sawasawa, nasi walimu twawaonya watoto kila siku wasiutapanye. Walakini ziko sinema zenye urefu wa saa 7, hata 9, na watu wenye akili timamu huketi wakazitazama mpaka mwisho. Wakiulizwa walipata nini, wako wajibuo kwamba walikumbuka mambo yao wenyewe waliyokuwa wameyasahau miaka mingi. Basi yafaa tuulize: Je, kumbukumbu hizo ni faida, au ni mawazo yaliyotanga tu? Tena, mtu ana haki gani kukumbuka yake hali anaonyeshwa ya wenzake?

Tutwae mfano. Mwaka 1994 Béla Tarr, mtu wa Hungaria, alitoa sinema iitwayo Sátántangó, ambayo urefu wake wapita saa 7. Mwanzo wake ni kundi la ng'ombe watokao bandani, wakatembea polepole katika matope ya kijiji kwa muda wa dakika kama 8, wala hakuna mtu asemaye neno. Mwenye haraka atanung'unika kwamba hakuna lililotendeka. Lakini sisi wa Kibeta, tuliolelewa migombani, twaona vingine. Kwanza twatazama ng'ombe wa Hungaria. Baada ya kitambo twawaona ng'ombe wa babu, ambao samadi yao ndiyo iliyokilisha kibanja. Twasikia mvua juu ya majani ya migomba, na harufu ya nyasi mbichi zilizotandazwa ndani ya nyumba yatujia puani. Sababu yake ni nyepesi. Sinema fupi hulishika jicho kwa nguvu, isiupe moyo nafasi. Ile ndefu huacha mlango wazi, na yaliyo ndani yetu hutoka.

Jambo hili si geni kwa Wahaya. Wazee wetu walikuwa na enanga, yaani ubao uliochimbwa kama kihori, na juu yake uzi umepitishwa huku na huku mara nyingi. Mpigaji alisimulia habari za mashujaa, kama Rukiza, naye hakuharakishwa na mtu. Profesa M. M. Mulokozi aliziandikia tenzi hizo tasnifu kubwa ya uchunguzi mwaka 1986, akaonyesha kwamba ni kazi za heshima kama tendi za mataifa mengine. Mpigaji akinyamaza, nyuzi zikaendelea kulia peke yake, kila msikilizaji alipata nafasi ya kuwawaza wafu wake.

Sasa tufike penye ugumu. Mwaka 1985 Mfaransa Claude Lanzmann, baada ya kazi ya miaka kama 11, alitoa sinema iitwayo Shoah, ipitayo saa 9, juu ya mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Hakutumia picha za zamani za maiti; aliwaacha mashahidi waseme. Mmoja wao ni Abraham Bomba, kinyozi, aliyelazimishwa kule Treblinka kuwakata nywele wanawake waliokuwa karibu kuuawa. Asimulia huku akimkata mtu nywele. Kisha afika mahali ambapo sauti yakataa, akanyamaza kitambo kirefu. Picha haiondolewi usoni pake. Katika kimya hicho mtu wa Bukoba aweza kukumbuka tarehe 21 Mei 1996, ilipozama meli MV Bukoba karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Akakumbuka nyumba zilizongoja habari, na makaburi ya Igoma. Je, hapo hakuiba machozi ya mwingine?

Twajibu kwamba kumbukumbu ni za namna mbili. Ya kwanza humtoa mtu kwa shahidi isimrudishe. Hujililia mwenyewe, na Bomba hugeuka kioo cha kujitazamia. Hiyo ni choyo, ingawa ina machozi. Ya pili humpeleka mtu kwao, kisha humrudisha akiwa na masikio mapya. Aliyewahi kungoja jina la ndugu yake lisomwe ajua kwa nini sauti hukataa. Wakati huohuo ajua tofauti: ajali ya meli si mauaji ya kukusudia, wala msiba mmoja haupimwi kwa kibaba cha mwingine. Akili hukaa macho hata moyo unapolia.

Lakini watu watazitambuaje namna hizi mbili? Watazitambua kwa yale mtu afanyayo akiisha kuinuka kitini. Katika mkoa wetu wa Kagera wako wazee walioyaona majeshi ya Amin yakivamia mwishoni mwa mwaka 1978. Wako akina bibi waliozika watoto wao na kulea wajukuu, tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Hao nao ni mashahidi. Nao wakianza kusema, mara ngapi twawakatiza, tukisema, "Bibi, habari hiyo ulikwisha kutueleza"? Nao hunyamaza, na kimya chao hakuna akitazamaye.

Basi, ndugu wasomaji, hatuwakatazi sinema ndefu. Twazisifu, kwa kuwa zatufundisha uvumilivu wa kusikiliza. Lakini mafunzo hupimwa kwa kazi. Mtu awezaye kumpa mgeni wa mbali saa 9, kisha akamnyima mama yake mzazi saa moja, amejifunza kutazama, hajajifunza kusikiliza. Wazee wetu hawatakaa nasi siku zote. Tuwaendee wangali na sauti, tuketi, tusiangalie saa. Na wakinyamaza katikati ya maneno, tungoje pamoja nao.