Msafiri Aketi Kwanza



Kila siku mabasi yanashusha watu walio peke yao Kahama, Masumbwe, Katoro na Geita mjini. Kijana ana begi moja mgongoni na namba ya simu ya mtu aliyemwambia kuna rashi mpya ya dhahabu. Mama amekuja na furushi la vitenge, hajui atalala wapi. Fundi wa makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, anatafuta kazi. Wengi wao wakishuka hununua chipsi za kufungiwa, wakazila huku wanatembea, na jua halijawa kali wameshapanda bodaboda kuelekea machimboni. Baada ya nusu mwaka ukimuuliza mmoja wao Katoro ni mji wa namna gani, atakutajia gesti, duara lake, yaani shimo analochimba, na mahali anapouzia.

Wiki hii nawaombea hao. Ninataka pia kusema nao juu ya jambo ambalo ni nadra kulisikia kanisani: namna ya kula, na namna ya kuutazama mji usio wako, ukiwa huna mwenzako.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, aya ya 4 hadi ya 8. Eliya anamkimbia Yezebeli. Mtumishi wake amemwacha Beer-sheba, naye ameingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile, kwa kuwa safari iliyo mbele inazidi nguvu za mtu huyu. Ndipo Eliya anapotembea siku 40 mpaka mlima wa Horebu. Swali zito la Mungu, anafanya nini mahali pale, anaulizwa huko mlimani, akiwa ameshakula na ameshalala. Chini ya ule mti hakuna aliyemhoji. Kila ninapofika hapo nasimama kusoma, maana mimi na wachungaji wenzangu mara nyingi tunaanza na maswali.

Sisi wa ukanda huu tuna siku zetu 41. Oktoba 2015, kule Nyangalata wilayani Kahama, mgodi uliporomoka na wachimbaji wakafukiwa chini. Ndugu walishakata tamaa. Katikati ya Novemba, siku ya 41, watu 5 wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula vyura, mende na wadudu wengine, wakakinga matone ya maji kwa kofia zao ngumu. Walikuwa pamoja, na kidogo walichopata walikula pamoja. Mwenzao mmoja alifia humo humo. Habari ile ilisambaa duniani kama ajabu ya uvumilivu, na kweli ni ajabu. Lakini mimi nikiona kijana anatupa nusu ya ugali wake kwa sababu bodaboda inamsubiri, nawakumbuka wale watu wa Nyangalata na thamani ya tonge moja.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako msafiri ni dogo: keti. Tafuta benchi la mama ntilie, weka begi katikati ya miguu, nawa mikono, umwamkie. Kama ni asubuhi na anaonekana mtu wa hapa, sema mwangaluka. Jioni sema mwadila. Msukuma anayesalimiwa na mgeni kwa lugha yake hufunguka uso mzima. Kisha muulize leo amepika nini, na ule hicho alichopika. Bwana wetu alipowatuma wale wanafunzi sabini na wawili, katika Luka sura ya 10, aliwaagiza wale wanachoandaliwa na wasihamehame kutoka nyumba hadi nyumba. Naona katika agizo hilo heshima kubwa kwa mwenyeji. Anayefika Geita akadai chakula kile kile alichokizoea kwao amemnyima mwenyeji wake nafasi ya kumkaribisha.

Na hapa kuna cha kula! Kuna sato wa kuchemsha kutoka ziwani na ndimu yake. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga. Kuna choroko, mlenda, maziwa mgando. Kiangazi utaona viazi vitamu vimeanikwa juu ya miamba na mapaa: vilivyokatwa vibichi ni michembe, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa. Jaribu kula matobolwa kwa haraka uone. Ni magumu, lazima uyatafune polepole, na utamu wake unatoka baadaye kabisa, mtu akiwa ameshatulia. Bibi zetu waliyaweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Leo yanauzwa kwa mafungu stendi, abiria anayapita akikimbilia biskuti.

Wapo watakaoniambia, Padre, mchimbaji hana muda wala hela ya kukaa kula kistaarabu. Bei ya sahani haipandi kwa sababu umeketi. Na muda unaodhani umeuokoa, mara ngapi umeuacha kijiweni ukisubiri mtu ambaye hakutokea? Zaidi ya hapo, mama ntilie anaijua Katoro kuliko dalali yeyote. Anajua gesti ipi ina wezi. Anajua mwenye duara gani analipa watu wake na yupi huzima simu siku ya mgawo. Wengi wa akina mama hao walifika peke yao vile vile, kutoka Kigoma, Tarime, Sengerema, na wengine wametoka Burundi. Mtu aliyeketi nusu saa kwenye benchi lao tayari ana mtu mmoja anayelijua jina lake. Duara likiporomoka, ndugu zangu, hilo jina ndilo linalotafutwa kwanza, na mara ngapi tumesimama juu ya kifusi bila mtu wa kututajia nani yuko chini.

Baada ya kula, tembea. Sisemi utalii wa fedha nyingi. Ukiwa Nyarugusu, tazama mialo ya kuoshea dhahabu kabla hujaulizia bei ya mbale, yale mawe yenye dhahabu. Waangalie wanaoosha, waangalie watoto wanaocheza karibu na pale zebaki inapochomwa, na moshi ule unakwenda wapi. (Usile mahali hapo hata kidogo, sogea mbali kabisa ndipo ufungue chakula chako.) Aliyepita mbio hajawaona wale watoto, na asiyewaona hawezi kuwaombea wala kumwambia mzazi wao neno. Ukiwa njiani kuja Shinyanga, usilale safari nzima. Mkoa huu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wazee wakarudisha ngitili zao, maeneo ya malisho yaliyofungwa ili majani na miti viote vyenyewe. Hiyo miti unayoiona dirishani ni kazi ya watu waliokubali kungoja. Maganzo nako kila mtu anashuka kwa ajili ya almasi za Mwadui, mgodi aliouanzisha Williamson baada ya kuzigundua mwaka 1940. Shuka, lakini waone na watu wanaoishi kando ya shimo lile.

Wengi wetu jiji kubwa tunalolijua ni Mwanza, na Mwanza yenyewe tunaijua kwa hospitali ya Bugando. Tunakwenda na faili la hospitali mkononi, peke yetu au na mgonjwa, tunarudi tumeona foleni na korido. Siku unayosubiri majibu ya vipimo, telemka ziwani. Kaa mahali unapoliona jiwe la Bismarck, ununue samaki, ule ukitazama maji. Kama una nusu siku, nenda Kisesa, Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, uone ngoma za watemi na kanisa lenye umbo la nyumba zetu za zamani. Mgonjwa wako hatapungukiwa na kitu. Atamwona aliyerudi kitandani kwake akiwa na nguvu.

Katika njia hiyo ya Mwanza, tangu Juni 2025 tunavuka ziwa kati ya Kigongo na Busisi kwa daraja, kilomita 3 hivi, dakika chache tu. Nalifurahia daraja hilo kwa moyo wote. Wagonjwa waliteseka sana wakisubiri kivuko usiku, na hakuna anayepaswa kuitamani adha ile. Ila pale foleni ya kivuko watu walikuwa wanashuka, wananunua mahindi ya kuchoma, wanaulizana wametoka wapi. Saa ile tuliyoipata, tumeipeleka wapi? Marko anaandika katika sura ya 6 kwamba waliokuja na kuondoka walikuwa wengi hata mitume wakakosa nafasi ya kula, na Yesu mwenyewe ndiye aliyewaambia wajitenge wapumzike. Kazi yao ilikuwa kazi ya Mungu, na bado aliwapumzisha.

Basi wenyeji, nina neno nanyi pia. Jumuiya zilizo karibu na stendi, wiki hii kila jumuiya ichague watu wawili wa kukaa pale asubuhi mabasi ya kwanza yanapofika. Msianze kwa kuuliza mtu ni wa dini gani wala amekuja kufanya nini. Muulizeni kama amekula. Asiye na nauli ya kuendelea aletwe parokiani, tutaona la kufanya.

Na wewe uliyefika juzi, unalala gesti na hujui mtu: Jumapili baada ya Misa ya kwanza tunakunywa chai chini ya mwembe, pembeni ya ofisi. Akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wanaleta uji wa karanga na michembe. Hakuna mchango unaodaiwa. Njoo na njaa, na usipange safari ya machimboni kabla ya saa nne.