Ukweli wa Ua Linalonyauka

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuiuliza kila kazi ya sanaa swali moja: ujumbe wake ni nini? Swali hili limetufaa sana katika kusoma riwaya na tamthilia zetu, wala hatunuii kulitupilia mbali. Hata hivyo, zipo kazi zinazolinyamazia. Mfano mmojawapo ni picha za maua alizochora Mfaransa Édouard Manet kwa rangi za mafuta kabla ya kufariki tarehe 30 Aprili 1883.

Tukumbuke kwamba huyu hakuwa msanii asiyejali siasa. Baina ya 1867 na 1869 alichora mara kadhaa kuuawa kwa Maximilian, mtawala aliyetawazwa Meksiko kwa nguvu za Ufaransa kisha akaachwa mkono na walewale waliomtawaza. Serikali ilizuia nakala ya picha hiyo isichapishwe. Mwaka 1882, maradhi yakiwa yamemwelemea hata kusimama kukawa taabu, mtu yuyo huyo alikuwa akichora waridi na maua meupe ya lilaki ndani ya vyombo vya kioo, juu ya turubai ndogondogo. Je, alikuwa ameusaliti wajibu wake?

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika kazi yenyewe. Mchoraji wa mkondo huu (naye Manet, ingawa hakushiriki hata moja kati ya maonyesho manane ya Waimpreshonisti, alikuwa jirani yao wa karibu) hupaka rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Ua nalo halimngoji mtu. Akilitazama waridi jeupe kwa makini, hugundua kuwa weupe wake ni haba: upande wa kivuli una samawati, pembeni pana kijani kilichoakisiwa na majani, na palipopigwa na mwanga pana umanjano. Anayeshika brashi huku akiegemea ujuzi wake kwamba waridi hili ni jeupe atapaka nyeupe tupu, na ua litakuwa mfu kama ukuta uliopakwa chokaa. Anayekubali kuona atapaka samawati, na mtazamaji aliyesimama hatua chache nyuma atauona weupe. Hata mashina yaliyo ndani ya maji huwa ni mipigo michache tu ya brashi, iliyokatika pale maji yanapoupinda mwanga.

Hapa ndipo suala la maadili linapozuka. Kujua kunaweza kuwa uvivu wa kutazama, na uvivu huo ni aina ya uongo hata kama kinachosemwa ni kweli. Paul Cézanne, aliyefanya kazi taratibu mno, yasemekana alitumia maua ya karatasi kwa kuwa ya kweli yalimnyaukia kabla hajamaliza. Wako watakaouita huo udanganyifu. Sisi tunaona kuwa Cézanne aliahidi kuchunguza uhusiano wa rangi na rangi, na karatasi ilimwezesha kuitimiza ahadi hiyo. Angedanganya iwapo angechora kwa mazoea huku akijitia kutazama kilicho mbele yake.

Je, sisi wahakiki hatufanyi hivyo? Katika ushairi wa mwambao ua ni nadra kuachwa liwe ua. Aghalabu huwa mwanamke, au heshima yake. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini tunaikimbilia upesi mno hata asumini ya mshairi hainukii tena. Mwanafunzi hufika kwenye beti akiwa na tabaka, dhuluma na ukombozi mkononi, akayapata yote matatu, akapewa alama. Hajaulizwa ni kwa nini mshairi alichagua asumini badala ya kilua.

Na hata picha hizi za Manet zimeshasomwa kama wasia wa mtu anayekufa. Yamkini ndivyo. Ila tarehe ya kifo tunaijua sisi tunaozisoma. Mchoraji hakuwa nayo alipokuwa akikitazama kishada.